Ukiigusa Faiba, Nini Kitatokea?

Siku ya kutetea projekti yangu ya mwaka wa mwisho niliingia chumbani na shati la kuazima, slaidi 22 na grafu tisa za rangi. Mada yangu ilikuwa leza ya pete ya faiba inayotumia kikuza mwanga cha semikondakta, kile ambacho watu wa fani hii wanakiita SOA. Msimamizi wangu alikuwa anatabasamu. Mtahini wa nje, mzee mmoja mpole aliyekaa kimya muda wote, akaifunga ripoti yangu, akaiweka mezani, akaacha Kiingereza na kuniuliza kwa Kiswahili: "Kijana wangu, hiyo pete yako ikiwa inawaka, halafu mimi nikaigusa faiba kwa kidole, nini kitatokea?"

Nikamjibu kwamba hakuna kitakachotokea, kwa sababu mwanga uko ndani ya kioo na kidole kiko nje. Akatikisa kichwa taratibu, akasema ahsante, akaandika kitu.

Nilipata A.

Makala hii inahusu hiyo A. Nimekaa nayo miezi kadhaa nikisubiri mahafali, na kadiri siku zinavyokwenda naiona kama noti bandia: inapendeza, inakubalika dukani, lakini mwenyewe najua ilikotoka.

Wenzangu wa Sheria na Uhasibu, msifunge jarida bado, jambo lenyewe si gumu. Faiba ni uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Mwanga unaobeba mawasiliano ya mbali humo ndani una urefu wa mawimbi wa nanomita 1550 hivi, na macho yetu hayauoni. Sasa chukua uzi huo, ukutanishe ncha zake mbili, upate duara. Mwanga utazunguka, ila kila mzunguko utapungua hadi ufe. Kwa hiyo ndani ya duara unaweka kitu cha kuukuza. Hiyo ndiyo kazi ya SOA: kipande kidogo cha semikondakta, ndugu wa tumbo moja na leza ya kawaida ya semikondakta, isipokuwa nyuso zake mbili zimepakwa zisirudishe mwanga ndani. Unakipa mkondo wa umeme, kinakuza mwanga unaopita. Unaongeza chujio la kuchagua rangi moja, na kifaa cha kuulazimisha mwanga uende upande mmoja tu kama barabara ya njia moja. Ukuzaji ukishazidi upotevu, pete inawaka yenyewe. Umepata leza.

Utauliza, kwa nini SOA? Kwenye nyaya kubwa zinazopita chini ya bahari, kama SEACOM iliyofika Dar es Salaam 2009 na EASSy ya 2010, mwanga hauongezwi nguvu na SOA. Kazi hiyo inafanywa na faiba iliyotiwa madini ya erbi, teknolojia iliyotangazwa mwaka 1987 na ikashinda mashindano yote. Ilishinda kwa sababu ya upole wake. Atomu ya erbi ikishapewa nishati hukaa nayo kama milisekunde 10 kabla ya kuiachia, muda mrefu kiasi kwamba haitambui hata kidogo zile moja na sifuri zinazopita kwa mabilioni kila sekunde. Inakuza wastani tu. SOA ni mwenye haraka. Nishati yake inakuja na kuondoka ndani ya nanosekunde moja au chini ya hapo, kwa hiyo kila tarakimu inayopita inaisumbua, na mawimbi kadhaa yakipita pamoja yanaambukizana. Kwenye simu za mbali huo ni ugonjwa.

Lakini mweke huyo huyo mwenye haraka ndani ya pete uone. Ukitaka leza moja itoe rangi nyingi kwa pamoja, erbi inakusumbua: kwa joto la kawaida la chumbani rangi zinagombania atomu zile zile, moja inameza nyingine, hadi watafiti wengine wamewahi kuitumbukiza faiba ya erbi kwenye naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya Kelvini 77, ili kuzituliza. Ndani ya SOA rangi hizo zinaweza kukaa pamoja bila vita kubwa, mezani tu, bila jokofu. Kuna na leza za kufagia, ambazo rangi yake inabadilika mfululizo toka upande mmoja hadi mwingine maelfu ya mara kwa sekunde. Hizo ndizo zinazotumika kusoma vihisi vya faiba vinavyofungwa kwenye madaraja. Kihisi cha Bragg kikivutwa kwa sehemu moja kwa milioni ya urefu wake, rangi kinayorudisha inahama kama pikomita 1.2, na leza ya kufagia inaliona hilo. Sisi tumejenga daraja la kilomita 3 hivi juu ya Ziwa Victoria pale Kigongo–Busisi, kwa hiyo sidhani kama hii ni sayansi ya watu wa mbali.

Mwaka 2006 Robert Huber na wenzake katika kundi la James Fujimoto pale MIT, Marekani, walitoa kazi ambayo mimi naiona nzuri kuliko zote katika fani hii. Shida ilikuwa hivi: ukilifagia chujio haraka sana, mwanga wa rangi fulani ukimaliza mzunguko unakuta chujio limeshahamia rangi nyingine, unafungiwa mlango. Wengine wote walikuwa wanafupisha pete. Wao wakairefusha. Waliweka faiba ya kilomita kadhaa ndani ya pete, ili kila rangi ikirudi ikute chujio limemaliza kufagia na limerudi pale pale kwenye rangi hiyo. Hesabu yake hata mtu wa kidato cha nne anaifanya: mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kilomita 4 zinachukua mikrosekunde 20, basi chujio lifagie mara 50,000 kwa sekunde. Leza za namna hiyo zikaongeza sana kasi ya kupiga picha za ndani za tishu, zikiwemo za retina ya jicho, ile mbinu iliyotangazwa mwaka 1991.

Yote haya niliyajua siku ya kutetea. Ningekuandikia milinganyo yake usiku wa manane. Nisichokijua ni kidole.

Projekti yangu niliifanya juu ya kitanda cha bwenini, kwa laptopu, kwa wiki tatu. Na tukiwa wakweli zaidi, wiki mbili kati ya hizo zilikuwa za kupanga maandishi na kuhesabu namba za kurasa. Faili la kuanzia la simulesheni nilipewa na kaka mmoja aliyemaliza miaka miwili kabla yangu, naye alilipata kwa aliyemtangulia. Nilibadilisha mkondo, nikabadilisha chujio, nikaongeza sehemu moja yangu mwenyewe ya rangi nyingi kwa pamoja. Ninyi mnaosoma hapa mnajua jina la kitu hicho: desa. Desa lililovaa tai, lakini desa. Na darasani kwetu sikuwa peke yangu. Nenda maktaba ukapekue ripoti za idara yetu, utakuta pete za faiba, antena na mitambo ya jua ambayo haijawahi kuguswa na jua.

Najua jibu linalokuja: pesa. Hakuna vifaa, kifaa cha kuchambua rangi za mwanga kina bei ya gari, wacheni watoto wafanye simulesheni. Na mimi nilikuwa nalisema hilo hilo. Kilichonibadilisha ni droo.

Wiki mbili baada ya kutetea nilikwenda kwa mhadhiri mmoja kurudisha kitabu. Sio msimamizi wangu, ni mwingine. Nikamsimulia lile swali. Akacheka sana, halafu akafungua droo ya chini ya meza yake akatoa kiboksi chenye sponji. Ndani kulikuwa na SOA. SOA ya kweli, imefungwa kwenye kikasha chake cha dhahabu chenye miguu kumi na minne, alirudi nayo kutoka masomoni ughaibuni. Pembeni yake kuna sakuleta moja, kile kifaa cha njia moja, na kipande cha faiba chenye Bragg cha kuchagua rangi.

"Dokta, kwa nini hukutuambia?"

"Hakuna aliyewahi kuomba," akasema. Halafu baada ya muda: "Na mkikiunguza, mwanafunzi ataandika nini kwenye ripoti? Fomu inataka matokeo."

Hapo ndipo nilipoanza kuifikiria fomu. Nitarudi kwake.

Tulikuwa watatu: mimi, rafiki yangu wa elektroniki, na dada mmoja wa mwaka wa tatu ambaye mikono yake haitetemeki. Dokta akatupa sharti moja, kila atakayekishika avae mkanda wa kuondoa umeme tuli, maana SOA inakufa kwa cheche ambayo wewe mwenyewe huisikii. Umeme wa ukutani hatukuthubutu kuutumia, kwa jinsi unavyokatika na kurudi kwa hasira. Tukatumia betri ya pikipiki. Rafiki yangu akajenga sakiti ndogo ya kudhibiti mkondo, akaijaribu siku nne kwa taa za LED kabla ya kumkaribia SOA. Baadaye nilisoma kwamba hata kwenye maabara kubwa watu hutumia betri kwa leza, kwa sababu betri haina kelele. Sisi tulitumia kwa woga.

Kilichobaki ni kuunga faiba, na chuo hakina mashine nzima ya kuungia. Lakini nyuma ya mabweni kuna fundi anayeunganishia watu intaneti majumbani, na yeye mashine anayo, anaining'iniza begani kama mkoba. Tukamfuata. Jumamosi jioni akaja, akatandaza kitambaa juu ya meza ya maabara, akaangalia kazi yetu kwa dakika moja.

"Dogo, hapa nani kaozesha kijani na bluu?"

Sikumwelewa. Kumbe konekta za kijani ncha yake imekatwa kwa mshazari wa nyuzi 8, za bluu hazina mshazari, ukizikutanisha mwanga mwingi unapotea njiani na mwingine unarudi nyuma. Mimi mwenye A ya leza ya pete nilikuwa nimezikutanisha. Alikata zote mbili akaunga moja kwa moja, mashine ikaonyesha upotevu wa desibeli 0.02. Na kapla ya kutolea mwanga nje ya pete hatukuwa nayo, akatupa spilita ya moja kwa mbili, ile ile anayogawia intaneti nyumba mbili. Kwa viungo sita alitutoza shilingi 15,000.

"Kaka, na kupima tutapimaje?"

Akatoa pawa mita yake mfukoni. Ina alama ya 1550 tayari.

Basi tukawa na pete ya mita kama 20. Mwanga unaizunguka kwa nanosekunde 100, kwa hiyo mistari ya masafa inayoruhusiwa humo imeachana kwa megahezi 10, na ndani ya upana wa chujio letu la nanomita 0.2 inatosha mistari kama 2,500 inayogombana. Kwenye laptopu yangu mistari hiyo ilikuwa imepangwa kama askari wa gwaride. Tulipandisha mkondo polepole. Pawa mita ikasoma hasi 34, hasi 33, hasi 33. Tukifika miliampea 70 na ushei, ikaruka hadi hasi 6. Hakuna kilichoonekana mezani, hakuna mwale mwekundu kama kwenye sinema, ni namba tu kwenye kioo kidogo, lakini kutoka hasi 34 hadi hasi 6 ni zaidi ya mara 600. Yule dada akapiga kelele. Mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Nikanyoosha kidole, nikaigusa faiba.

Namba ikaanguka. Nikaondoa kidole, ikarudi, lakini si pale ilipokuwa. Nikaikunja kidogo karibu na meza, pete ikazimika kabisa. Tulikuwa juu kidogo tu ya kizingiti, na mguso mdogo ulitosha kuishusha chini yake. Sababu ni kwamba mwanga unatetemeka kwa uelekeo fulani, na faiba ya kawaida haiutunzi uelekeo huo. Ukiikunja, ukiibana, hata feni ikiipuliza, unageuka. SOA nyingi hukuza uelekeo mmoja zaidi ya mwingine. Ndiyo maana kwenye kila mchoro wa pete hizi unakuta visahani vitatu vya kuzungushia faiba, ambavyo mimi kwenye ripoti nilivichora kwa uzuri na kuandika chini yake mstari mmoja niliounakili. Vya kwetu tulivitengeneza kwa vifuniko vya makopo ya siagi ya karanga. Unavigeuza kidogo kidogo, huku unaangalia mita, hadi namba inapanda. Inachukua uvumilivu kama wa kutafuta stesheni kwenye redio ya zamani. Dakika kumi baadaye SOA imepata joto, namba imeshuka, unaanza upya.

Kwa hiyo jibu, mzee wangu, ni kwamba inazimika.

Sasa fomu. Nimeipata nakala yake, ile ambayo watahini wanajaza. Alama zinatoka kwa mapitio ya maandiko, kwa mbinu, kwa "matokeo na uwasilishaji wa grafu", kwa mpangilio wa ripoti na kwa kujieleza. Hakuna mahali pa kuuliza kama kitu hicho kipo. Hakuna alama ya kupima kitu na kukuta kinakataa. Na kanuni inasema projekti ni kazi ya mtu mmoja mmoja. Pete yetu ilihitaji mikono sita, betri ya kuazima na fundi wa mtaani. Kwa fomu hii ningepata B, pengine C, kwa kuwa grafu pekee niliyonayo ina nukta kumi na mbili zilizopinda. Mwanafunzi mwenye akili timamu, anayehesabu GPA na mkopo na ada, atachagua nini? Atachagua kitanda na laptopu. Nilichagua hivyo na sijilaumu sana.

Ndiyo maana sikubali kwamba pesa ndiyo sababu ya kwanza. Vifaa vingi tulivyotumia vilikuwepo, kimoja kwenye droo, kingine begani kwa fundi, kingine chini ya kiti cha bodaboda. Kilichokuwa hakipo ni alama.

Sipigi vita simulesheni. Ile yangu ilitusaidia: ilituambia kizingiti kitakuwa karibu na wapi, bila hivyo tungepandisha mkondo hadi tuunguze. Na nina rafiki aliyepata kazi nzuri kwa sababu ya programu aliyoiandika, hajawahi kushika koleo. Lakini aliiandika mwenyewe, na ikiharibika anajua imeharibikia wapi. Mimi niliulizwa pete yangu inaharibikaje nikasema haiharibiki.

Ninachoomba kwa jumuiya yetu ya wanafunzi ni kidogo na hakihitaji bajeti. Tuna wawakilishi kwenye seneti. Wapeleke hoja ya kuruhusu watu watatu kufanya projekti moja ya maabara, kila mmoja akitahiniwa peke yake kwa mdomo. Wapeleke na hoja ya kuweka alama, hata 20 tu, kwa kitu kilichopimwa kwa mkono, kiwe kimefanya kazi au kimekufa, mradi mwanafunzi aeleze kimekufaje. Mkuu mmoja wa idara aliniambia hapo watu watadanganya. Dokta, kwa heshima zote, tunadanganya sasa hivi, kwa rangi na kwa mhimili wa X.

Pete tumeifungua. SOA imerudi kwenye sponji yake, nzima. Visahani vya siagi ya karanga, sakiti na daftari la vipimo viko kwenye boksi la karatasi juu ya kabati la maabara ya pili, kushoto ukiingia. Yule fundi ana roli ya faiba iliyobaki kwenye kazi ya mtaa wa jirani, kama kilomita 2, anasema ataileta akipata mtu wa kuitumia. Kilomita 2 ni mikrosekunde 10, ni kufagia mara 100,000 kwa sekunde, kwa namna ile ya Huber. Chujio la kufagia ndilo hatuna. Yule dada amekwisha mwandikia Dokta kuulizia, na ameandika pete kwenye nafasi ya kwanza ya fomu yake ya mada, peke yake, kwa kuwa fomu ina mstari mmoja wa jina. Zinafungwa Ijumaa.